Kikombe Nilichokiweka Chini

Clarisse mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako kule Karavia, na mwanao Anye amelala mkekani karibu na miguu yangu, mdomo wazi. Ni saa kumi za jioni. Kesho saa kama hizi utakuwa umeshapanda ndege pale Luano. Nimekaa mezani, nimeinuka, nimekaa tena, nimekwenda kupepea mbabula mpaka makaa yameshika vizuri, halafu nikakumbuka kwamba sina hata sufuria ya kuweka juu. Ndivyo nilivyo tangu juzi. Nafungua kabati, nasahau nilichofuata, nalifunga.

Sitakuandikia juu ya koti la baridi, wala dawa, wala namna ya kuficha pasipoti. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na wewe ni mkunga wa miaka sita, umepokea watoto wa watu kwa mwanga wa simu, huhitaji nikufundishe kufunga sanduku. Nataka kukuandikia juu ya jambo tulilopatana wiki tatu zilizopita hapa hapa jikoni: kwamba uende peke yako, ukafanye miaka yako miwili kwenye kliniki ya Masista kule kusini mwa Yordani, na Anye abaki na mimi. Uliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilisema nina hakika. Hata nilikucheka, nikakuambia mtoto wa miezi ishirini na moja anasahau upesi kama kuku. Nilikuwa na haraka ya kukubali, mwanangu, na haraka hiyo ina historia ambayo sijakusimulia.

Mimi ndiye niliyekutia jangwa kichwani. Najua. Watoto wengine walilala kwa hadithi za sungura, wewe ulilala kwa hadithi za Mabedui. Nilikuambia jinsi wanawake wanavyofuma hema kwa manyoya meusi ya mbuzi, kipande kwa kipande, na jinsi manyoya hayo yanavyovimba mvua ikinyesha mpaka maji hayapiti. Nilikuambia mgeni hukaa siku tatu bila kuulizwa jina lake wala anakokwenda, na kwamba hata adui akishika kamba ya hema yako, amekuwa wako, utamlinda. Ulikuwa unashika pazia la chumba na kupiga kelele, "Nimeshika kamba! Banishike sasa!" Nkambo wako, mama yangu, alikuwa akitikisa kichwa.

Nkambo hakupenda hadithi zangu, na alikuwa na sababu. Alizaliwa kaskazini, karibu na Kongolo, na bibi zake walikuwa wamejificha kwenye majani marefu misafara ya pembe na watumwa ilipopita. Nilipomwambia kwamba wamisionari wamenipatia kazi ya uuguzi kule Yordani, aliacha kutwanga majani ya sombe, akanitazama.

"Weye, Agnès, unaenda kule kwa Baarabu? Bale bauzishaka bankambo yetu?"

"Mama, hawa si wale. Hawa ni wafuga mbuzi."

"Bote njo bamoja. Na mutoto? Utamuachia nani?"

Nilimwambia nitamwachia yeye. Ulikuwa na miaka miwili na nusu. Baba yako alikuwa bado hai, anafanya kazi Kipushi, anarudi nyumbani Jumamosi akiwa amechoka hata kuvua viatu, na mshahara hauji. Njaa ilikuwa sababu ya kweli, sitaki uidharau. Lakini haikuwa sababu peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa sijawahi kulala peke yangu kwenye chumba hata siku moja katika maisha yangu.

Nilikwenda kwa miaka miwili. Nikakaa minne.

Sasa acha nikuambie jangwa lenyewe, kwa sababu nililokuuzia mimi lilikuwa limepakwa mafuta. Mabedui niliowakuta wengi walikuwa na pikapu na tangi la maji la plastiki. Wengine walikuwa na nyumba ya saruji waliyojengewa na serikali. Waliweka mbuzi ndani na wao wakalala nje kwenye hema. Vijana wao walikuwa jeshini. Wazee waligombana juu ya visima kama watu wa kwetu wanavyogombana juu ya mipaka ya kiwanja. Vumbi linaingia kwenye meno. Wakati wa baridi nililia kwa baridi, na wakati wa joto niliona aibu kwa jinsi nilivyonuka. Na nililipenda. Asubuhi unatoka, hakuna mlango wa jirani, hakuna mtu anayeita "Mama Clarisse!" kutoka ng'ambo ya ukuta kuomba chumvi.

Dereva wetu, Ibrahimu, mtu wa mjini, alijua mashairi ya kale ya Waarabu na aliyasema akiendesha, mkono mmoja nje ya dirisha. Niliposhika lugha kidogo, alinieleza kwamba mengi yanaanza namna moja. Mshairi anapita mahali ambapo kambi ya mpenzi wake ilikuwa. Watu wameshahama. Anaona mafiga matatu meusi, mfereji mdogo uliochimbwa kuzuia maji yasiingie hemani, mavi makavu ya kondoo. Anasimama. Wenzake wanamwambia, twende, usijiue kwa huzuni. Hasogei. Nilimuuliza Ibrahimu kwa nini wanawaimba waliohama na si kuwafuata. Akacheka, akasema, "Dada, wangewafuata, shairi lingetoka wapi?" Nami nikacheka. Nilikuwa na picha yako kwenye mfuko wa aproni, nikawa naitoa kila jioni na kuiangalia, na nikafikiri huko ndiko kupenda.

Mgonjwa wangu mkubwa alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Umm Salimu, maana yake mama wa Salimu. Alikuwa na kifua kikuu. Asubuhi mbili kila wiki nilikwenda hemani kwake kuhakikisha amemeza dawa, kwa sababu alikuwa anazificha kwenye ukosi wa nguo na kuwapa mbuzi. Mume wake, Abu Salimu, alikuwa mzee mrefu, mkimya, na kahawa yake ilijulikana. Aliikaanga mwenyewe, akaitwanga kwenye kinu cha mti kwa mapigo ambayo yalikuwa wimbo kabisa, na majirani wakisikia mchi wanajua nyumba ina kahawa, wanakuja. Mimi mwanamke, lakini mgeni na muuguzi, waliniketisha upande wa wanaume. Kikombe chao ni kidogo, hakina mkono, na kahawa ni chungu, ina iliki. Unakunywa. Ukitosheka unatikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Usipotikisa, anamimina tena. Hilo nililijua. Niliona nimeshajua yote.

Asubuhi moja, mwaka wangu wa kwanza, Ibrahimu alinifuata hemani na karatasi. Ilikuwa ujumbe uliopigwa kwa simu kutoka parokia yetu hapa Lubumbashi, Sista wa kliniki ameuandika kwa penseli. Clarisse ana surua kali. Homa haishuki, masikio yanatoa usaha. Nkambo yuko peke yake, anauliza kama Agnès anaweza kuja.

Ngoja nisimame kidogo.

Nimerudi. Anye amegeuka tu, hajaamka.

Clarisse, siku zote nimekuambia kwamba habari ya surua yako ilinifikia ukishapona. Nimekuambia hivyo ukiwa na miaka saba, ukiwa na kumi na tano, na hata mwaka jana daktari alipokupima sikio lako la kushoto akasema halitasikia tena. Si kweli. Habari ilinifikia ukiwa bado unaungua.

Abu Salimu alikuwa amenimiminia. Nilipokea kikombe kwa mkono wa kuume huku karatasi iko kwenye wa kushoto. Nikasoma mara ya pili. Nikataka kuishika karatasi kwa mikono miwili, nikakiweka kikombe chini kwenye zulia, kimejaa, mbele yangu.

Wanaume sita walikuwa pale, waliokuwa wakizungumza juu ya bei ya shayiri, wakaacha katikati ya neno. Mchi ukasimama. Abu Salimu akaweka dele la kahawa chini, akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja kabla ya pale, akasema maneno machache. Ibrahimu akanitafsiria polepole: "Anasema, haja yako imekubaliwa. Iseme."

Mimi nikasema, "Hakuna haja. Kahawa ni ya moto tu."

Ibrahimu hakutafsiri. Alininong'oneza, "Dada, fikiri." Abu Salimu akarudia maneno yale yale. Nikajibu mwenyewe kwa Kiarabu changu kibovu, nikitabasamu: hakuna, hakuna kitu. Nikachukua kikombe nikakinywa chote, kikiwa kinachoma ulimi, nikakitikisa. Wakarudi kwenye shayiri, lakini sauti zao zilikuwa za chini.

Nilipokwenda upande wa pili wa pazia kumpa Umm Salimu dawa, alinishika kiwiko cha mkono. Alikuwa amekonda, lakini alishika kwa nguvu. Akanieleza kile ambacho mtoto wa miaka mitano kule anakijua. Mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, anaomba. Mwenye hema hawezi kumwacha. Kwa kikombe hicho watu wameombea posa, wameombea hata mtu aliyeua asamehewe na baba wa aliyeuawa, na akasamehewa, kwa sababu mwombaji amekataa kunywa mpaka apewe neno. Akaniambia, "Tulikuona unasoma, tukakuona macho. Salimu alishatoka kuwasha gari. Abu Salimu angekupeleka Amman mwenyewe, na tiketi yako angeiombea kwa kila hema la ukoo. Umetufungia mlango sisi tuliokuwa ndani ya nyumba yetu."

Nikamwambia sikujua desturi. Ni kweli, sikujua. Yeye akauliza swali moja tu: "Na haja, ulikuwa huna?"

Wazee wetu wanasema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimeshazaa, nikaficha hata hivyo. Kwa miaka mingi nimejipa sababu. Nilijiambia niliona aibu kuwaomba watu maskini. Nilijiambia mkataba ungevunjika na tungekula nini. Nilijiambia kutoka jangwani mpaka kwetu Katuba ni siku nne na ningekukuta ama umepona ama umezikwa. Yote yana ukweli wake, kama uongo mzuri unavyokuwa. Lakini nilipokiona kile kikombe na uso wa yule mzee, nilijua kwamba nikisema nitarudishwa nyumbani. Na sikutaka kurudi nyumbani. Hilo ndilo. Nilitaka upone, niliomba rozari magotini mpaka yakachubuka, na nilitaka upone bila mimi.

Umenielewa? Sikuandikii hili ili unionee huruma. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, na bado una usiku mmoja wa kunifokea nyumbani kwangu.

Umm Salimu hakunichukia. Alinisimulia mambo, kama mtu anayemfunika mwenzake blanketi. Aliniambia kwamba zamani watu wa mji kule Uarabuni walikuwa wakiwapa watoto wao wachanga kwa wanawake wa Kibedui, wanyonyeshwe jangwani miaka kadhaa, wapate hewa safi na lugha safi, na kwamba hata Mtume wao alilelewa hivyo. Nilishika hadithi hiyo kwa mikono miwili! Nikaandika nyumbani kwamba kumbe hata mitume wameachwa kwa walezi. Ndiyo hadithi ile ile niliyokupa wewe wiki tatu zilizopita, ukiwa unamkata Anye kucha, ukanisikiliza, ukalainika. Nusu yake sikukupa. Umm Salimu aliniambia pia kwamba yule mlezi wa Kibedui alikuwa akimrudisha mtoto mjini, mama yake amwone, amguse, halafu waamue tena pamoja. Tena mtoto aliyenyonya kwa watu wawili, kwao, ana ndugu pande mbili maisha yake yote, hawezi kuoana nao. Hakuna aliyepoteza mtu. Mimi nilikuacha miaka minne na sikurudi hata mara moja.

Tulizungumza pia juu ya Hagari. Mimi namjua wa Biblia yetu: maji yameisha kwenye kiriba, akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali, kiasi cha mshale kutupwa, asimwone akifa. Nilikuwa nikimhukumu huyo mama tangu katekisimu. Umm Salimu akakataa kabisa. Kwao Hagari hakukaa. Alikimbia kutoka kilima kimoja mpaka kingine, mara saba, anatafuta maji, na mahujaji wao wanakimbia hapo mpaka leo kwa sababu yake. "Mama haketi," alisema, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Sijui ni yupi wa kweli. Ninachojua ni kwamba mimi niliketi. Kiasi cha mshale kutupwa, na jangwa zima na bahari katikati.

Sikio lako. Sisemi ningekuja lingepona. Mimi ni muuguzi, najua surua inavyofanya. Lakini pengine ningepata dawa mapema, pengine ningekaa na wewe mlangoni mwa hospitali mpaka watuone, Nkambo hakujua Kifaransa na hakujua kupiga kelele kwa daktari. Pengine, pengine. Neno hilo nimelala nalo kitanda kimoja mara nyingi kuliko nilivyolala na baba yako, Mungu amrehemu.

Na nilirudi. Ulikuwa na miaka sita na nusu, umevaa gauni la njano, umesukwa. Nkambo alikusukuma kwa kidole mgongoni pale Luano. Ukanipa mkono. Ukasema, "Bonjour, Madame." Watu wakacheka, nami nikacheka, na Nkambo akasema, "Ni mama yako huyu, weye mutoto!" Ukamtazama yeye, si mimi, ukamwambia, "Mama yangu njo weye."

Ilichukua mwaka na nusu kabla hujaniita mama bila kusukumwa. Ndiyo sababu nilikusimulia jangwa usiku na mchana. Nilikuwa sina kitu kingine cha kukupa ambacho Nkambo hakuwa ameshakupa. Nilikuwa nanunua jina langu kwa ngamia na mahema, nawe ukasikiliza mpaka ukataka kwenda. Sijuti kwamba unakwenda. Nenda, mwanangu! Kazi ile ni nzuri na mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Wanawake wale watakupenda kwa sababu hutawafokea kama nilivyowafokea mimi juu ya vidonge.

Lakini sasa nisikilize.

Uliponiambia umepata nafasi, jambo la kwanza lililonijia halikuwa wewe. Lilikuwa Anye. Nikaona: huyu nitamlea tangu mwanzo. Huyu ataniita mama bila hongo. Nilikuwa nimeshahesabu wapi nitaweka kitanda chake. Yeye ni majina yangu, nikasema, anaitwa Agnès kama mimi, ni haki yangu. Nikakushawishi kwa upole, na kwa hadithi nusu, na wewe ukaniamini kwa sababu mimi ni mama yako. Ningekuibia kitu kile kile nilichojiibia mwenyewe, tena nikupigie makofi uwanja wa ndege.

Juzi ulimwogesha ukawa unamwambia, "Utabaki na Nkambo, eh? Utakuwa muzuri?" Naye anacheka tu kwa maji. Ulinigeuzia mgongo ukakaa muda mrefu na taulo usoni. Nilikuona. Ulikuwa unangoja mtu mmoja aseme neno, nami nikajifanya natafuta sabuni.

Leo asubuhi niliposema naenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya tiketi. Yule dada wa pale ameniambia mtoto asiyefika miaka miwili anapakatwa, na ameshamwandika kwenye safari yako. Pasipoti yake na visa yake iliyotoka pamoja na yako viko kwenye mkoba wangu mweusi, sikuvirudisha kabatini. Barua ya Masista ninayo, ile inayosema chumba chako kina kitanda cha mtoto. Nilikuwa nimeikunja nikaiweka mahali usipopita. Nisamehe na hilo. Nimempigia baba yake Anye kule Kolwezi. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mama, miye nilikuwa nangoya tu weye useme."

Basi nasema. Sina sababu nzuri, sina mtume wala desturi ya kukuonyesha. Nina haja, na ninaiomba kwako: mchukue Anye. Usinibakizie. Nitalia, nitazunguka nyumba hii kama kuku aliyekatwa kichwa, nitamwita jina lake mbele ya majirani na watanihurumia, na hayo yote ni yangu, si mzigo wako. Kule utachoka. Utamaliza zamu usiku ukiwa na damu ya watu kwenye viatu, umkute analia, na utasema moyoni kwamba mama yako angekusaidia. Utanilaani kidogo. Nilaani.

Nasikia lango. Ni wewe, umesimama unaongea na mama wa ng'ambo ya ukuta. Nitaiacha barua hii juu ya sanduku lako na nitakwenda uani, maana sitaweza kukutazama ukisoma. Ukimaliza, usinifuate kwanza. Anye ataamka sasa hivi, ataita. Mimi sitaitika. Nenda wewe.

Mama yako,
Agnès